Baiskeli Inaposimama



Leo nina neno juu ya jambo lisilo na wizara wala tume: baiskeli inaposimama. Inapokwenda, kila mtu ana la kusema. Tunajua ndiyo iliyoilisha miji ya mashariki ya Kongo wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, malori yalipokatika barabarani. Kisangani watu walipanda toleka, yaani teksi za baiskeli, na kwingine chumvi na sabuni zilipanda milima kwa magurudumu mawili. Lakini baiskeli hiyo hiyo ikifika sokoni, mwenyewe akataka kwenda kuuza, au kumwona mgonjwa hospitalini, au kutoa pesa za simu kibandani, matata yanaanza. Anaiegemeza kwenye ukuta wa duka, mwenye duka anatoka: "Hii kinga ni ya nani?" Anaiegemeza kwenye meza ya mama wa ndakala, meza inalala. Anailaza chini, bido la mawese linavuja. Ukitazama vizuri, katika teritwari yetu ya Fizi mahali pekee ambapo mwenye baiskeli ameonyeshwa rasmi kwamba hapa ndipo pa kusimama ni kwenye vizuizi vya barabarani, na pale hakuna anayesimama kwa kupenda.

Wenzetu wa miji mikubwa wao walishavuka ugomvi huo wakaingia katika mwingine, ambao ndio ninaotaka tuupime leo: mahali pa kuegesha baiskeli pawe pazuri, au pawe pa kufaa?

Mwaka 2008 jiji la New York liliandaa shindano la kubuni vyuma vipya vya kufungia baiskeli kando ya barabara. Mmoja wa waamuzi alikuwa David Byrne, mwanamuziki aliyekuwa wa bendi ya Talking Heads, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka mjini kwa baiskeli. Byrne hakutulia kwenye kiti cha uamuzi. Akachora vyuma vyake mwenyewe, kwa mzaha. Cha Wall Street, mtaa wa mabenki, alikipa umbo la alama ya dola. Cha Fifth Avenue, mbele ya duka la mavazi ya matajiri, kiatu cha mwanamke chenye kisigino kirefu. Karibu na njia inayopita chini ya mto kwenda New Jersey, gari. Williamsburg, kule Brooklyn kwenye vijana wa muziki, gitaa. Jiji likakubali mzaha ule, na vyuma tisa vikasimikwa mwaka huo huo. Ilipangwa vikae karibu mwaka mmoja, halafu viuzwe kama kazi za sanaa.

Mimi ninavipenda. Dola ya chuma mbele ya mabenki ni kichekesho kizuri, na mtu anayefunga baiskeli yake kwenye tumbo la dola amekitia kichekesho hicho mkia. Tena Byrne, kwa kuwa ni mpanda baiskeli, alitunza jambo ambalo wachongaji wengi hulisahau: alichora kwa mstari, akaacha uwazi ambamo kufuli linapita.

Ila mwangalieni aliyeshinda shindano lenyewe. Hakuwa dola wala kiatu. Walishinda wabunifu wawili wa Copenhagen, Ian Mahaffy na Maarten De Greeve, kwa duara la chuma lenye upau mmoja katikati. Basi. Na miaka iliyofuata, New York ilipoanza kuondoa zile mashine za zamani za kulipia maegesho, ambapo kila gari lilikuwa na nguzo yake, iliziacha nguzo nyingi zimesimama na kuzivika duara. Nguzo iliyokuwa ikitoza magari ikawa inashika baiskeli, na hakuna aliyechimba shimo jipya. Kwangu hiyo inapita dola na gitaa kwa uzuri, ingawa hakuna mtalii atakayeipiga picha.

Kambi ya pili, ya watu wa kufaa, ina maneno machache na makali. Chuma cha baiskeli, wanasema, kishike fremu katika sehemu mbili ili isianguke. Kiruhusu kufuli lipite kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Na mgeni akikiona, ajue papo hapo ni cha nini. Kwa masharti hayo, bingwa wa siku zote ni bomba moja lililopindwa kama herufi U iliyogeuzwa, miguu miwili ndani ya zege. Waingereza wanalihusisha na mji wa Sheffield, na inasimuliwa kwamba ya kwanza yalitokana na mabomba ya gesi yaliyobaki bila kazi. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa Baraka, akiwa na mafuta ndani ya jenereta, anaweza kutoa moja kabla ya saa sita mchana. Wanachokichukia zaidi watu hawa, kuliko hata sanaa, ni ile safu ya vyuma vyembamba inayoshika gurudumu la mbele peke yake. Baiskeli ikisukumwa kidogo, uzito wote unaangukia spoki za gurudumu moja. Jioni unarudi nyumbani kwa miguu, umelibeba begani.

Nadhani sasa mnafikiri nitasimama na hawa wa bomba. Ningesimama nao, kama nisingekuwa naongea na watu wa Fizi. Shida ni kwamba kambi zote mbili, ya dola na ya bomba, zinazungumza juu ya baiskeli tupu.

Mpanda baiskeli wa New York anafika kazini na mfuko mgongoni. Baiskeli ya kwetu, Hero au Phoenix, inashuka kutoka milimani na mabido manne ya mawese. Lita 20 za mawese ni kilo 18, ukiongeza bido lenyewe unakaribia 19, kwa hiyo manne ni kilo 70 na zaidi kabla hujaweka mihogo juu yake. Makala ndiyo usiseme: magunia yamesimama juu kupita kichwa cha mtu, yamekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tairi. Mwenyewe hapandi, anasukuma, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine imesimama nyuma ya kiti. Huu si ujinga wa maskini. Wavietnam walisukuma vivyo hivyo mwaka 1954 kupeleka chakula na risasi Dien Bien Phu: baiskeli za Peugeot, fimbo za mianzi, mzigo unaopita kilo 200 kwa baiskeli moja. Maofisa wa Kifaransa waliokuwa wamepiga hesabu ya malori hawakupiga hesabu ya fimbo, na ngome yao ikaanguka.

Ichukueni baiskeli hiyo muilete kwenye bomba la Sheffield. Mabomba yametengana kama mita moja, na mabido yanagonga huku na huku. Kuinua huwezi. Kurudi nyuma ili uipange upya huwezi, kwa sababu mzigo wa makala ukirudishwa nyuma unalala nawe. Fremu, pale kufuli linapotakiwa kupita, imejaa kamba na gunia, hata kidole hakipenyi. Kwa hiyo kitu ambacho wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kuwa ndicho cha kufaa, mbele ya soko la Baraka kinageuka kuwa sanamu. Kitasimama pale, kitapakwa rangi, mtoto atakibembea.

Wasukumaji wetu wana jawabu lao, nalo ni la zamani: mti wenye panda, kimo cha kiuno, wanaosafiri nao. Ukifika, unausimika chini ya mzigo upande wa kulia au wa kushoto, baiskeli inauegemea kama mzee na mkongojo wake. Mchoro wote wa maegesho ya Baraka umo ndani ya mti huo, anayetaka ausome. Baiskeli yenye mzigo inataka kuegemea ubavu, karibu na pale uzito ulipo, si kushikwa gurudumu na si kushikwa shingo.

Basi mnisikilize mafundi. Upau mmoja mrefu, wa bomba au wa mkaratusi ulionyooka, kimo cha kiuno, unaofuata barabara. Baiskeli zinasimama kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, ubavu kwenye upau. Unaingia upande wa Uvira, unatoka upande wa Fizi, hakuna kurudi nyuma. Chini pawe na mawe au changarawe iliyoshindiliwa, kwa maana mchanga wetu wa ziwani mvua ikinyesha unameza gurudumu lenye mzigo hadi kwenye ekseli. Na msiende kuujenga mwaloni penyewe. Ziwa hili la Tanganyika lilipanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na watu wa ufuoni, kuanzia Uvira hadi hapa, hawahitaji mimi niwakumbushe lilikoishia. Bandarini Mushimbakye afadhali miti inayong'oleka.

Bomba la U lina mahali pake, sitaki kulinyima haki. Mwalimu, muuguzi, karani wa biro ya teritwari, hao wanafika na baiskeli tupu na wanaiacha kutwa nzima. Wekeni mabomba shuleni, wekeni hospitali kuu, wekeni Fizi-Centre, ambako yule aliyefika juu amekwisha kutoa jasho la mlima wote na anastahili angalau mahali pa kuiacha bila kubembeleza mtu.

Halafu kuna habari ya kufuli. Vyuma vya Ulaya na Marekani vimejengwa kwa kuwaza mwizi, na kati ya mwizi na baiskeli kuna kufuli tu. Sokoni kwetu, kufuli ni mtu. Ni kijana aliyekaa chini ya mwembe na vipande vya katoni: kimoja anakufungia kwenye usukani, cha pili chenye namba ile ile unaondoka nacho, ukirudi unatoa franka zake na kipande chako. Wapo watakaosema huo ni ulinzi wa kienyeji, mji ukiendelea utakwisha. Waambieni waende Utrecht, Uholanzi. Pale stesheni kuna jengo la baiskeli lililokamilika mwaka 2019, lina nafasi 12,500, na lina wafanyakazi wanaoliangalia. Saa 24 za kwanza hulipi kitu. Nchi iliyoendelea kwa baiskeli kuliko zote bado inaweka mtu.

Ikiwa kufuli ni mtu, basi anayejenga amfikirie mtu huyo. Awe na kivuli. Awe na benchi. Aweze kuona kutoka mwanzo wa upau hadi mwisho bila kuinuka. Na hapo ndipo sanaa kubwa, hasa ile ya kuchongwa, inapoanza kunitia wasiwasi, kwa sababu kila kitu kinene mnachosimika katikati ni maficho.

Najua yatakayopendekezwa siku mji ukipata pesa. Wa kwanza atasema samaki: mukeke mkubwa wa chuma, mapezi wazi, kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa. Pezi la chuma na bido la plastiki, nani atashinda? Wa pili atasema tuchukue utamaduni, tuweke sura ya alunga, kile kinyago cha Wabembe chenye nyuso mbili, ambacho leo ukitaka kukiona vizuri unakwenda kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya au Marekani. Kwa huyo nasema hapana bila kungoja amalize. Alunga ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na siku yake ya kutoka, na haikutoka ili kushika magunia ya makala. Kuisimika mbele ya soko kwa kazi hiyo ni kumdharau mwenye kinyago, na mwenye makala pia, ambaye aliomba mahali pa kuegemea akapewa somo la utamaduni. Wa tatu hatasema kitu. Atakuja na gari jeupe, atachomelea vyuma sita vya kushika gurudumu la mbele, na juu yake kibao kikubwa chenye alama za wafadhili watatu. Kibao kitadumu kuliko vyuma.

Hapa mtu wa Goma angeniuliza: na chukudu yetu je? Kweli, Goma ina sanamu ya chukudu, ya rangi ya dhahabu, kwenye mzunguko wa barabara, mtu na mtambo wake wa mbao wa magurudumu mawili wameinuliwa juu ili kila anayepita awaone. Siisemi vibaya. Ni nadra mji kumweka juu ya msingi mtu anayebeba viazi na kuni badala ya mtu anayebeba bastola. Lakini sanamu ile haijifanyi maegesho. Inasimama pale ionekane, na kazi hiyo inaifanya. Ng'ambo, Bujumbura, walichukua njia nyingine: Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Mji mmoja unaiinua baiskeli juu ya msingi, mwingine unaifagia nje. Ile inayotaka kuteremka tu, kushusha mihogo na kuondoka, haikuulizwa kokote.

Na kama ni kumbukumbu, mimi ninayo yangu ya kuomba, kubwa kuliko samaki. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi lake la upepo. Ulaya ikashikwa na wazimu wa baiskeli, mpira ukatafutwa kwa udi na uvumba, na mpira ulikuwa katika misitu ya Kongo, wakati huo mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili. Hesabu ya damu iliyofuata mnaijua, na mikono iliyokatwa mmeiona kwenye picha. Baiskeli za watu wa mbali zilikimbia laini juu ya mpira ule, kabla nchi yetu haijawa na baiskeli za kutosha hata kuhitaji maegesho. Mchongaji akija na hilo, apewe kiwanja cha peke yake, apewe chuma anachotaka. Lakini asiniambie kwamba unaweza pia kufungia baiskeli yako hapo.

Mpaka hapa naonekana kama mtu asiyetaka uzuri karibu na soko. Sivyo, na anayenidhania hivyo hajaangalia baiskeli za hapa. Kuna maua ya plastiki kwenye usukani. Kuna spoki zilizovikwa vipande vya rangi, na ngozi ya nyuma ya kuzuia matope iliyoandikwa jina la Mungu, au la mtoto, au la timu ya mpira, kwa herufi ambazo mchoraji alizipa kivuli bila mtu kumlipa zaidi kwa ajili ya kivuli hicho. Baiskeli ya Fizi inafika ikiwa imekwisha kuvaa. Upau wa kuegemea ukinyamaza, itaonekana vizuri zaidi.

Ila wachoraji wa vibao nina kazi yao, na hii ndiyo ninayoomba mtu wa meya anayesikiliza aiandike. Vile vipande vya katoni vya namba vina kasoro. Nusu ya watu wa sokoni hawaoni tofauti ya 6 na 9 kipande kikiwa kimegeuzwa, na wako akina mama wanaokodi msukumaji, mzigo ni wao, lakini namba hawazisomi. Wanamtegemea kijana awaonyeshe. Kwa nini nafasi za upau zisichorwe picha? Nafasi ya kwanza kuku, ya pili mwezi, ya tatu mukeke, ya nne mtumbwi, ya tano chungu, chache chache kila kartiye na mchoraji wake. Na kipande anachopewa mwenye mzigo kiwe kibao kidogo chenye picha ile ile. Mama anarudi na kibao cha kuku mkononi, anakwenda penye kuku, haulizi mtu. Samaki wa chuma hakufaa kitu; samaki wa rangi ana kazi ya kutwa. Rangi yenyewe iwe nyeupe kwenye ncha mbili za upau, dereva wa lori auone saa ya jioni.

Gharama si ya kuitisha mkutano Bukavu: rangi, brashi, mbao chache, siku mbili za mchoraji. Kijana wa mwembeni aendelee kushika franka zake kama zamani, ila abadilishe katoni.

Ombi moja tu kwa wachoraji, nalo nalisema mapema. Msichore wagombea. Najua watakuja na pesa mkononi na kuomba nafasi ya kwanza, karibu na lango. Uchaguzi ukipita, mama mwenye mihogo yake atazunguka upau mzima akitafuta aliiacha chini ya mheshimiwa gani, na wote wamevaa koti moja na tabasamu moja.